Mke wangu akilala shingo inanyooka, akiamka inapinda

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi seremala, natengeneza vitanda na makabati Keko. Nina miaka 43. Mke wangu ana 39, ni fundi cherehani, ana fremu ndogo Tandika. Tumejaliwa watoto watatu, mkubwa ni binti wa miaka 12. Naandika usiku wameshalala, maana mchana siwezi kushika kalamu bila mtu kuuliza naandika nini.

Mwaka juzi, siku chache baada ya Idi, mke wangu aliamka shingo imekaza. Tukasema kalalia mto vibaya. Akachuliwa kwa mafuta ya nazi, akameza dawa za maumivu, ikapoa, ikarudi. Haikupita miezi mitatu kichwa kikawa kinavutwa kushoto chenyewe, kidevu kinatafuta bega. Akikirudisha kinakaa kidogo, kinaondoka tena. Kisha kikaanza kutikisika kama cha mtu anayesema hapana. Wateja wakawa wanamtania: "Fundi, mbona unakataa na bei sijataja?" Mwanzoni alicheka nao. Siku hizi hacheki, na wateja wa nguo za harusi wamehamia fremu ya pili.

Eksirei ilionyesha mifupa mizima, damu safi. Daktari mmoja akamwambia apunguze mawazo. Hapo ndipo nyumbani yalipoanza maneno ya "huu si ugonjwa wa hospitali".

Sasa nakuambia la aibu. Niliona kwamba akiweka kidole tu shavuni, shingo inatulia. Nikajiuliza, ugonjwa gani huo unaozuiwa na kidole? Usiku mmoja nikawasha simu nikamrekodi amelala. Shingo imenyooka kama yangu! Kabla ya hapo tulikuwa tumegombana, kwa sababu nilichukua pesa ya kikoba chake nikalipia kiwanja Chanika bila kumwambia. Nikaona basi, ananikomoa. Ile video nikamtumia mama yangu, yuko Muheza. Mama akajibu: "Akilala, na wanaomshika wamelala."

Mama akaja na mganga wake. Laki tatu na nusu, chale shingoni, na unga wa kutia kwenye uji. Mke wangu akatapika siku mbili. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya kuzuia kutapika. Kesho yake jioni macho yakampanda juu, taya likakaza, ulimi ukawa unatoka. Mama akasema pepo kapanda. Nikambeba kwa bajaji hadi hospitali, akachomwa sindano, na baada ya muda mfupi taya likaachia, macho yakashuka. Shingo ikabaki vilevile. Mama mpaka leo anasema pepo kaogopa sindano.

Mganga alisema aliyefanya ni mwanamke wa kazi moja naye. Tangu siku hiyo hatusalimiani na fundi wa fremu ya pili, ambaye ndiye aliyemfundisha mke wangu kukata suti.

Mwezi uliopita tulipata rufaa ya kuonana na bingwa wa mishipa ya fahamu. Hakuchukua hata nusu saa. Alimtazama akiwa amekaa, akitembea, akiandika, akampapasa shingo, akasema ni distonia ya shingo. Tiba aliyoitaja ni sindano kwenye misuli, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na haiponyi moja kwa moja. Nilipouliza ni dawa gani, nikaambiwa imetokana na sumu ya bakteria. Bei yake inazidi ninachobakiza mwezi ukiwa mzuri.

Mama anataka ampeleke Muheza miezi mitatu kwa mtaalamu mwingine. Mke wangu nimemuuliza, akasema "mtakavyoamua".

Juzi nilimkuta binti yangu mbele ya kioo kapinda shingo. Nikampiga kofi kabla sijafikiri. Je, na watoto watarithi? Na mimi nifuate njia ipi? Nimechoka, Mama. Hata tukikaa kula mke wangu ananipa kisogo. Najua anaumwa, lakini inaniuma.

Fundi, Temeke

Majibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu ya kupigia mistari. Ulichonieleza kwa kifupi ni hiki: ugonjwa umeshapewa jina, lakini jina halijamaliza ubishi ndani ya nyumba. Mama anavuta Muheza, daktari anavuta kwenye sindano, mfuko unakuvuta wewe chini. Katikati yuko mwanamke ambaye shingo yake nayo inavutwa.

Mimi si daktari, na ninayokuambia hayachukui nafasi ya kliniki. Lakini naona mambo kadhaa uliyoyachukua kuwa ushahidi dhidi ya mkeo, na nadhani umeyasoma kinyume.

Tuanze na kazi yako. Unaujua msumeno wa watu wawili wa kupasulia mbao. Mmoja akivuta, mwenzake analegeza, ndivyo unavyokwenda. Wakivuta wote kwa pamoja, msumeno unajipinda ndani ya gogo. Misuli ya shingo nayo imepangwa jozi kwa jozi, na zamu zao zinapangwa na ubongo, hasa viini vilivyojificha ndani kabisa chini yake. Katika distonia zamu hizo huvurugika. Misuli ambayo ingelegea inakaza, na kichwa kinakwenda ambako mwenyewe hakukituma. Eksirei inapiga picha mfupa, na mfupa wa mkeo ni mzima. Hata kipimo kikubwa cha ubongo mara nyingi hakionyeshi kitu kwa watu wa aina yake. Ugonjwa huu unatambuliwa kwa jicho na mkono wa daktari anayeujua, ndiyo maana bingwa hakuhitaji siku nzima. "Vipimo safi" haikuwa na maana kwamba hana kitu. Ilikuwa na maana kwamba vile havikuwa vipimo vyake.

Kidole shavuni sasa. Ulijiuliza ugonjwa gani unazuiwa na kidole. Huu huu. Wagonjwa wengi wa distonia ya shingo wana mahali pao pa kugusa: kidevu, shavu, kisogo, wengine wakiegemeza tu kichwa ukutani kinatulia. Kidole hakina nguvu ya kushinda misuli ile. Inaonekana mguso wenyewe unaupa ubongo taarifa inayourekebisha kwa muda. Na usijione peke yako kwa ulivyowaza. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mkubwa wa Ufaransa, Édouard Brissaud, aliona jambo hilohilo kwa wagonjwa wake, akahitimisha kama wewe kwamba shingo hizo zinapindwa na akili. Mjerumani Hermann Oppenheim aliupa ugonjwa jina la distonia mwaka 1911, na bado kwa miaka mingi baada yake wagonjwa waliambiwa ni mawazo tu. Mpaka miaka ya 1970 ndipo daktari David Marsden wa London na wenzake walipowasimamia kwa hoja nzito kwamba tatizo liko kwenye ubongo unaoendesha mwili. Kwa hiyo na yule aliyemwambia mkeo apunguze mawazo alikuwa anarudia kosa la zamani. Msongo unaizidisha distonia, hilo kweli, kama unavyozidisha mtetemeko wa mkono wa mtu yeyote. Ugomvi wa pesa ya kikoba huenda ulimwongezea maumivu. Ila sioni sababu ya kuamini kwamba ndio ulioleta ugonjwa, na wala si yeye anayekukomoa. (Pesa ya watu, hata hivyo, irudishe.)

Usingizi pia ni hivyohivyo. Katika usingizi mzito distonia hulegea, na wengi huamka na nafuu ya dakika au saa kadhaa. Uliyorekodi usiku ule ni dalili ya ugonjwa, na wewe ukaipeleka Muheza kama ushahidi wa kesi. Video yenyewe inaweza kumfaa daktari, hasa ukiongeza nyingine za mchana: akishona, akitembea, akigusa shavu, akiacha. Lakini hizo zipigwe akijua na akikubali. Je, ile ya kwanza anaijua? Barua yako haisemi. Ukiamua kumwambia, atakasirika, na ana haki. Ukinyamaza, siku moja ataisikia kwa mama mkwe. Hapo sijui kama utapata pa kushika.

Usiku wa bajaji ndio ulionisimamisha kusoma. Zipo dawa za kuzuia kutapika, metoklopramidi ikiwa inayojulikana zaidi, ambazo kwa baadhi ya watu hukaza taya na shingo na kupandisha macho juu ndani ya saa au siku chache za kuzimeza. Zipo na dawa za magonjwa ya akili zinazofanya hivyo. Hospitali huwa na sindano ya kuifungua hali hiyo, na hufungua upesi. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichompata mkeo, sikuwepo. Ila itafute pakiti ya vile vidonge, au rudi duka la dawa uulize jina lake, umpelekee bingwa. Ikithibitika, jina hilo liandikwe kwenye daftari lake la kliniki asipewe tena. Na mtajie pia ule unga wa kwenye uji, hata kama hujui ulikuwa na nini. Najua kwamba kwa mama yako usiku ule pepo alionekana waziwazi. Mtu aliyeona macho yamepanda vile hubishani naye kwa maneno mawili, nami sikushauri ujaribu.

Sindano sasa, ambayo imekutisha kwa jina. Ni kweli inaitwa sumu, botulini, na bakteria anayeitoa huweza kuua mtu kupitia chakula kilichoharibika. Kinachochomwa kwenye msuli ni kiasi kidogo mno kilichosafishwa na kupimwa, na kazi yake ni kuzuia ujumbe wa mshipa wa fahamu usifike kwenye msuli, ule uliokaza ulegee. Marekani iliiidhinisha kwa kope zinazofumba zenyewe mwaka 1989, na kwa distonia ya shingo mwaka 2000. Haianzi siku hiyohiyo. Husubiriwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu hivi. Mara ya kwanza inaweza isipige sawasawa, daktari akabadili misuli au kipimo safari ijayo. Ubaya wake upo. Shingo inaweza kulegea kupita kiasi, kinywa kukauka, na kumeza kukawa kugumu kwa wiki kadhaa. Akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, ni hospitali saa hiyohiyo. Kwa hiyo muulize bingwa bila haya: nani atakayechoma, na amewachoma wangapi shingoni? Kama mkeo ana mimba au ananyonyesha, aseme kabla.

Vipo na vidonge. Triheksifenidili huwasaidia baadhi, lakini kwa watu wazima mara nyingi hukausha mdomo, hutia ukungu machoni na kusahaulisha, na haiachwi ghafla. Vile vya jamii ya diazepamu hulegeza misuli na kuleta usingizi, na mwili huvizoea. Mtu anayekaa mbele ya cherehani siku nzima alipime hilo na daktari wake. Mazoezi ya viungo kwa mtaalamu huongeza nafuu kidogo kidogo, na si sawa na kuchuliwa kwa nguvu, jambo ambalo naomba lisimame mpaka bingwa aseme.

Fedha siichukulii wepesi. Kabla hujajiambia huwezi, uliza mambo mawili. Kama mna bima, ulizia kwenye dirisha la bima hospitalini kama dawa hiyo imo, kwa jina lake. Kama hamna, hospitali za umma zina maofisa ustawi wa jamii wanaosikiliza wasio na uwezo. Nenda na karatasi ya rufaa, eleza hali ilivyo. Inawezekana ukajibiwa hapana. Inawezekana pia mkaanza na sindano moja, mkaona imempa nini, ndipo mkaamua kama kiwanja cha Chanika kinasubiri au sindano inasubiri. Na hiyo laki tatu na nusu ya mganga nayo ilikuwa fedha.

Kuhusu Muheza, sitakuambia umkatalie mama. Amekuja mbio kwa sababu anaona nyumba ya mwanawe inayumba. Dua za nyumbani na kliniki hazigombani, na mtu mwenye msongo akipumzika kijijini wiki mbili anaweza kurudi na nafuu. Ninachokuomba ukipime ni hiyo miezi mitatu: fremu ikifungwa, wateja waliobaki wanakwenda, kliniki inakatika, na hujui safari hii kwenye uji kutatiwa nini, nyembe ya chale ilipita kwa nani kabla yake. Kama itatokea safari, unaweza kuiwekea mipaka, mathalani siku kadhaa, hakuna cha kunywa wala kuchanja, na yeye mwenyewe awe ameitaka. Mama anaweza kununa. Je, amewahi kukaa ndani ya chumba cha daktari akaeleza na yeye anachokihofia? Wazee wengi hulainika wakiulizwa maswali na mtu wa koti jeupe. Wengine hawalainiki, nalo ulijue.

Fundi wa fremu ya pili. Aliyemfundisha mkeo kukata suti leo hasalimiwi kwa neno la mtu mliyemlipa. Hamna ushahidi mwingine, au mnao? Mkeo amepoteza shingo yake na shoga yake mwaka mmoja.

Watoto. Zipo distonia za kurithi, na moja gene yake, yaani chembe ya urithi inayoileta, ilipatikana mwaka 1997, ila hiyo kwa kawaida huanza utotoni, mguuni au mkononi, na wengi wanaobeba gene yenyewe hawaugui kamwe. Ya shingo inayoanza ukubwani, kwa wagonjwa wengi hakuna ndugu mwingine mwenye nayo. Mwambie bingwa kama upande wa mkeo kuna anayetetemeka au kupinda kiungo. Mweleze na kama mkeo aliwahi kuumwa ini, kwa sababu upo ugonjwa adimu wa madini ya shaba kujaa mwilini, wa Wilson, unaoweza kuleta mambo kama haya na una tiba yake.

Binti yako mbele ya kioo, nadhani alikuwa anajaribu kujua mama yake anasikiaje. Ana miaka 12, anaona mama anapinda, bibi anataja pepo, baba anarekodi usiku, na hakuna aliyemkalisha akamwambia jambo moja la kweli. Ukimwomba radhi kwa kofi hutapungua. Na akipinda kweli siku nyingine bila kioo, mpeleke aonwe.

Nimemwacha mkeo mwisho, kama ulivyomwacha wewe. Umesema ulimuuliza, akajibu "mtakavyoamua", na ukaona amekuachia. Inawezekana ameridhia. Inawezekana pia ni jibu la mtu aliyechanjwa, akanyweshwa, akapakiwa kwenye bajaji, na hakuna aliyekaa akamuuliza panapouma. Distonia ya shingo inauma, mwanangu, wengi inawauma mchana kutwa, na barua yako nzima imeyagusa maumivu yake kwenye dawa za mwanzo na kwenye neno lile la mwisho tu, nalo linaishia kwenye maumivu yako. Sikulaumu. Umebeba kazi, mama, watoto na aibu ya kumshuku, mtu lazima achoke. Lakini muulize upya mkiwa wawili, na usiulize "twende wapi". Muulize usiku analala saa ngapi, cherehani inamuuma wapi, anaiogopa sindano au anaiogopa bei. Majibu yake yanaweza yasifanane na ya mama, wala ya daktari, wala ya kwangu.

Na hilo la kisogo. Umeandika mwenyewe kwamba kichwa chake kinavutwa kushoto. Akikupa kisogo mkila, basi wewe unakaa kuliani kwake. Leo mkitandika mkeka, hamia kushoto.